Namna ya Kuandaa Mashindano ya Taifa ya Watu Wenye Mtindio wa Ubongo

Mtu anayekusudia kuandaa mashindano ya taifa ya watu wenye mtindio wa ubongo mara nyingi huanza akiwa na picha kichwani: vijana wanaochechemea wakiukimbiza mpira wa miguu, mashabiki wakishangilia, na mgeni rasmi akikabidhi kombe. Picha hiyo si mbaya, lakini ukiifuata utaandaa mashindano ya wale wanaoweza kutembea tu, na wengine wote watabaki majumbani kama walivyobaki mwaka uliotangulia. Ushauri wangu, ambao nimeufikia baada ya kukosea mara kadhaa katika ngazi ya mkoa, ni kwamba mpango mzima uanzie kwa mchezaji asiyeweza kurusha mpira kwa mkono wala kuupiga kwa mguu. Ukumbi, choo, basi, chakula na ratiba vikimfaa yeye, vitamfaa kila mtu. Vikipimwa kwa mchezaji wa mpira wa miguu, huyu wa kwanza atajikuta nje ya mlango.

Maelezo haya yanafuata taratibu za Tanzania, kwa kuwa ndizo ninazofanya nazo kazi, ingawa vipimo vya viwanja na kanuni za michezo ni vilevile popote.

Tuelewane kwanza juu ya jina

Maneno "mtindio wa ubongo" yamebeba maana mbili kwa miaka mingi, na mwandaaji asiyelitambua hilo atapata tabu tangu barua ya kwanza. Wapo wanaoyatumia kwa maana ya ulemavu wa akili. Wapo wengine, hasa kliniki na katika vikundi vya wazazi, wanaoyatumia kwa hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ambayo huathiri mwendo, mkao na udhibiti wa misuli, na ambayo baadhi ya watu huiita kupooza kwa ubongo. Mwongozo huu unahusu hali hii ya pili. Mwenye hali hii anaweza kuwa na akili timamu kuliko mwamuzi anayempulizia filimbi, ila ulimi hautamki upesi na mkono hauendi alikoutuma.

Tofauti hiyo ina uzito wa kiutawala. Michezo ya watu wenye ulemavu wa akili ina njia yake ya kimataifa, yaani Special Olympics iliyoanzishwa mwaka 1968, wakati wachezaji tunaowazungumzia hapa hupitia mfumo wa Paralimpiki. Nimewahi kuona ombi la ukumbi likizunguka kati ya meza mbili kwa miezi mitatu, kila meza ikiamini kwamba linaihusu nyingine. Basi aya ya kwanza ya barua yako ieleze kwa sentensi moja kwamba mashindano ni ya watu wenye ulemavu wa viungo unaotokana na athari za ubongo, kisha ndipo utaje jina la mtindio.

Kimichezo, kinachotazamwa ni dalili tatu: misuli kukakamaa, mwili kuyumba kwa kukosa ulinganifu, na miondoko inayojitokeza bila hiari. Mtu aliyepata dalili hizo kutokana na kiharusi au kuumia kichwani hushindana pamoja na aliyezaliwa nazo, na hilo liandikwe kwenye kanuni zenu mapema, ili asije mzazi akalalamika siku ya fainali kwamba mshindi "hakuzaliwa hivyo".

Chama na orodha

Mashindano hayawezi kuitwa ya taifa kwa kuwa tu yamechapishwa hivyo kwenye fulana. Kwa Tanzania Bara, chama cha michezo husajiliwa na Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na usajili hudai katiba, uongozi uliochaguliwa na anwani inayoeleweka. Michezo si suala la Muungano, hivyo Zanzibar ina Baraza la Taifa la Michezo lake, na wachezaji wa Unguja na Pemba hawaji kwa barua iliyoandikiwa Dodoma peke yake. Waandikie tangu mwanzo, na uwape nafasi katika kamati ya ufundi badala ya kuwaalika kama wageni wiki mbili kabla ya mchezo. Kamati ya Paralimpiki ya nchi nayo ijulishwe kabla ya tarehe kutangazwa, kwa sababu ndiyo njia ya mchezaji kufika kwenye mashindano ya kimataifa.

Msingi wa kisheria upo, na unafaa kunukuliwa kwenye maombi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inagusa michezo moja kwa moja. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ofisa anayesoma barua yenye rejea hizo huijibu kwa namna tofauti kidogo na anayesoma barua ya kuomba huruma.

Kazi ngumu zaidi, hata hivyo, ni orodha ya wachezaji. Wengi wao hawamo shuleni, na waliomo wamo katika vitengo vya elimu maalumu ambavyo mwalimu wa michezo wa wilaya huenda hajawahi kuvitembelea. Anza na kliniki za fiziotherapia, vikundi vya akina mama wenye watoto wa hali hii, na vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, yaani shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, hasa CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania. Kila wilaya iwe na daftari lenye jina, mwaka wa kuzaliwa, namna mtu anavyojongea, namna anavyowasiliana, anayemhudumia na namba ya simu inayopatikana. Daftari hilo litunzwe kwa siri, kwa sababu lina habari za afya za watoto. Misimu miwili ya michezo ya wilaya na mkoa kabla ya mashindano ya taifa si muda mrefu. Ni muda wa kugundua kwamba mkoa uliodai una wachezaji 20 una 6, na kwamba mwingine uliokaa kimya una 15.

Kuchagua michezo

Chama cha kimataifa cha michezo na burudani kwa watu wenye mtindio wa ubongo, CPISRA, kilianzishwa mwaka 1978, na wachezaji wenye hali hii waliingia katika Michezo ya Paralimpiki kule Arnhem mwaka 1980. Miaka minne baadaye mpira wa miguu wa wachezaji saba na bocha, ambao kimataifa huandikwa boccia, vikaingia navyo. Mpira wa miguu uliondolewa baada ya Rio 2016, bocha ukabaki. Kwa mwandaaji jambo hili ni la bajeti: mfadhili akiuliza njia ya kufika Paralimpiki, bocha unayo na mpira wa miguu kwa sasa hauna. Siku hizi kila mchezo una shirikisho lake, bocha chini ya World Boccia na mpira wa miguu chini ya IFCPF, hivyo kanuni zichukuliwe huko, si kwenye nakala za zamani zinazopitishwa kwa WhatsApp.

Ningekuwa na fedha za mchezo mmoja tu, ningechagua bocha bila kusita. Unahitaji sakafu laini yenye urefu wa mita 12.5 na upana wa mita 6, utepe wa kuchora mistari, mipira 6 myekundu, 6 ya buluu na 1 mweupe. Upande mmoja huchorwa visanduku sita, kila kimoja mita 1 kwa 2.5, ambamo wachezaji hukaa. Mpira mweupe hurushwa kwanza, kisha kila upande hujitahidi kuisogeza mipira yake karibu nao. Baada ya mipira yote kuchezwa, wenye mpira ulio karibu zaidi hupata pointi moja kwa kila mpira uliowapita wapinzani kwa ukaribu. Mchezo wa mtu mmoja mmoja una mizunguko minne, wa timu mizunguko sita. Mtoto anauelewa kwa dakika tano, lakini nimeona watu wazima wakiufikiria kama bao.

Mpira wa bocha una uzito wa gramu 275, ukizidi au kupungua si zaidi ya gramu 12, na mzingo wa milimita 270, ukizidi au kupungua si zaidi ya 8. Seti halisi huagizwa nje na bei yake hukatisha tamaa, kwa hiyo wilayani tumeshona wenyewe. Fundi viatu hukata vipande vya ngozi laini au turubai, anashona akiacha upenyo, kisha mpira unajazwa mtama. Kwa bahati nzuri, mpira wa ukubwa huo ukijazwa nafaka vizuri hukaribia gramu 275 wenyewe, na mizani ya dukani inatosha kuuhakiki. Hasara yake ni panya: seti yetu ya kwanza iliachwa stoo wakati wa likizo, na shule zilipofunguliwa tulikuta ngozi tupu. Tangu hapo mipira hulala ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mipira ya kushona ni ya mazoezi na mashindano ya wilaya. Kwa ngazi ya taifa tafuta seti halisi walau moja kwa kila uwanja, maana mipira inayoviringika tofauti huharibu haki ya mchezo.

Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa kutelezeshea mpira. Bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa katikati kwa urefu, likafungwa kwenye kiegemeo cha mbao chenye kimo kinachobadilika, hufanya kazi hiyo vizuri, kwani mpira wenye kipenyo cha sentimita 8.6 hupita ndani yake bila kukwama. Mfereji usiwe na chombo chochote cha kuusukuma au kuuongoza mpira, na ukilazwa ubavu uenee ndani ya eneo la mita 2.5 kwa 1. Mchezaji huuachia mpira kwa kidole, kwa kijiti kilichofungwa kichwani au kwa kijiti cha mdomoni. Msaidizi wake huusogeza mfereji kwa maelekezo yake, lakini hukaa ameupa uwanja mgongo na haruhusiwi kuutazama mchezo unapoendelea. Kanuni hii ndiyo inayowatesa wazazi kuliko zote. Nilimshuhudia mama mmoja akishika shati lake kwa mikono miwili ili asigeuke, huku mwanawe, asiyesema neno, akimwelekeza kwa macho: kushoto, kushoto tena, basi. Mpira ulipoacha mfereji mama alifumba macho, akangoja kusikia watu.

Mchezo wa miguu nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa watu wengi wanaujua. Kila upande una wachezaji 7, vipindi viwili vya dakika 30, uwanja wa mita 70 kwa 50, na lango la mita 5 kwa 2. Hakuna kuotea, na mpira uliotoka huweza kurudishwa kwa kuviringishwa kwa mkono mmoja. Madaraja, kuanzia lenye athari kubwa zaidi, ni FT1, FT2 na FT3. Wakati wote awepo uwanjani angalau mchezaji mmoja wa FT1, na wa FT3, yaani wenye athari ndogo kabisa, asizidi mmoja. Kocha ataomba "kwa leo tu" kanuni hiyo ilegezwe. Ukikubali, mwakani kila mkoa utaleta wakimbiaji ambao ulemavu wao utautafuta kwa darubini.

Katika riadha, madaraja ya 31 hadi 34 ni ya wanaoshindana wakiwa wamekaa na 35 hadi 38 ni ya wanaosimama. Kwa mitupo ya kukaa utahitaji viti vya chuma vilivyofungwa ardhini kwa mikanda, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza akipewa mchoro. Upo pia mchezo wa mbio za fremu uliobuniwa Denmark: mkimbiaji hukalia tandiko kwenye fremu ya magurudumu matatu isiyo na pedali, kifua kikiwa kimeegemea kishikizo, naye hujisukuma kwa miguu. Mtu ambaye hajawahi kukimbia maishani huweza kukimbia kwa chombo hicho. Fundi baiskeli mzuri ataiunda, lakini breki na kofia ngumu visiachwe, kwa sababu fremu ikishika mteremko haina huruma.

Kupanga madaraja

Bila uainishaji hakuna mashindano. Kuna maonyesho tu. Kila mchezaji huchunguzwa na jopo la waainishaji wasiopungua wawili, mmoja akiwa na ujuzi wa tiba, kwa kawaida daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na mwingine akiwa mtaalamu wa mchezo wenyewe. Hupima misuli na viungo, humtazama mchezaji akifanya mazoezi, kisha humtazama tena akishindana kweli, kwa sababu mwili wenye mtindio hukakamaa zaidi mbele ya watu kuliko chumbani.

Katika bocha, BC1 hurusha kwa mkono au mguu na anaweza kuwa na msaidizi wa kumpa mpira au kurekebisha kiti anapoomba. BC2 hurusha kwa mkono na hana msaidizi uwanjani. BC3 hutumia mfereji. BC4 ni wenye udhaifu mkubwa wa viungo usiotokana na ubongo, kwa mfano wenye maradhi ya kudhoofika misuli. Wapo wanaotaka BC4 waachwe nje ya mashindano yanayobeba jina la mtindio. Mimi naona waingizwe, kwa sababu hawana pengine pa kwenda na mchezo ni uleule, lakini iandikwe hivyo kwenye kanuni.

Siku ya kwanza yote itengwe kwa uainishaji, na usikubali mkoa ufike usiku wake ukidai wachezaji wake "wanajulikana". Kila aliyechunguzwa apewe hati yenye daraja lake na hadhi yake: imethibitishwa, au itapitiwa tena mwaka fulani. Mtoto wa miaka 12 atapitiwa tena, kwani mwili wake unakua. Pingamizi zipokelewe kwa maandishi katika muda uliotangazwa na zisikilizwe na jopo jingine. Waelezeni wazazi tangu mwanzo kwamba daraja la ndani ya nchi halimpi mchezaji haki ya daraja hilo nje; huko atachunguzwa upya.

Hesabu ya ratiba

Hapa ndipo waandaaji wengi huanguka, hivyo tuifanye hesabu yenyewe. Chukua mikoa 8, kila mmoja ukileta wachezaji 4 wa bocha, mmoja kwa kila daraja. Una wachezaji 32, yaani 8 kwa kila daraja, katika makundi mawili ya watu wanne. Kila kundi lina michezo 6, makundi 8 yana michezo 48. Ongeza nusu fainali 8, michezo 4 ya mshindi wa tatu na fainali 4, jumla ni michezo 64. Ukumbi wenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa kikapu, mita 28 kwa 15, hubeba viwanja vitatu vya bocha kwa nafasi ya kutosha. Cha nne kinaingia, lakini viti mwendo havitapishana.

Panga saa nzima kwa kila mchezo, pamoja na kuingia, kukagua mipira na kutoka. Kwa viwanja vitatu, michezo ya makundi inakula saa 16, nusu fainali saa 3 na michezo ya mwisho saa 3. Hiyo ni saa 22 za uwanjani, ambazo kwa siku za saa sita ni siku nne, huku ukibakiwa na nafasi ya saa mbili tu kwa jumla. Nafasi hiyo si ya ziada. Italiwa na kiti kilichopasuka tairi, umeme uliokatika na pingamizi moja. Mchezaji asicheze zaidi ya mara mbili kwa siku, na baina ya michezo yake apate muda wa kulazwa chini na kunyooshwa. Waamuzi wawe 12: kila uwanja mwamuzi, msaidizi na mtunza muda, pamoja na watatu wa akiba.

Kimataifa wanaume na wanawake siku hizi hushindana mbalimbali katika michezo ya mtu mmoja mmoja. Kwa mashindano ya kwanza ningewachanganya, nikaweka sharti la kila mkoa kuleta wasichana wasiopungua wawili, kisha nikatenganisha namba zikiruhusu. Bila sharti hilo utaletewa wavulana watupu, kwa sababu mzazi mwenye binti asiyeweza kwenda chooni peke yake hamtoi nyumbani ovyo, naye ana haki.

Neno moja kuhusu mgeni rasmi. Usianze siku kwa kumngoja. Watu waliokaa saa mbili juani kwenye viti visivyowashika vizuri hukakamaa kiasi cha kushindwa kucheza mchana. Michezo ianze, na akifika apewe nafasi baina ya mizunguko. Atafurahi zaidi akikuta watu wanacheza.

Ukumbi, malazi na safari

Wachezaji 32 wa hesabu yetu huja na watu 32 wengine kwa uchache: wasaidizi 16 wa BC1 na BC3, makocha 8 na walezi 8. Tafuta mahali penye vitanda 64 na milango inayopitika, yote kwenye sakafu ya chini.

Usiamini maelezo ya simu. Msimamizi wa hosteli moja aliniambia kwa adabu zote kwamba vyoo vyake havina shida. Tulipofika tulikuta kila choo kina kizingiti cha sentimita 15 na mlango ambao kiti mwendo kilisimama mbele yake kama gari mbele ya reli. Siku tatu vijana wazima walibebwa kama watoto, na mmoja wao akapunguza kunywa maji ili asibebwe mara nyingi, hadi akaugua. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikwenda kupima. Tangu hapo natembea na kijiti kilichokatwa sentimita 90, nakilaza kwenye kila mlango kuanzia lango la nje hadi chooni, na kisipopita nauliza mlango mwingine. Angalia pia kama kuna nafasi ya kugeuza kiti ndani, kishikizo ukutani, na meza au godoro la kumbadilishia nguo mtu mzima, si mtoto pekee.

Dodoma inafaa kwa kuwa katikati ya nchi, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR imewarahisishia wanaotoka Dar es Salaam na Morogoro. Kwa mabasi, kodi gari ambalo baadhi ya viti vyake vinaweza kung'olewa, na viti mwendo vifungwe ndani, kwa maana vinavyopandishwa kwenye keria hufika vimepinda. Panga vituo kila baada ya saa mbili au tatu. Tarehe isigongane na masika wala na UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na za sekondari, ambayo huchukua walimu na kumbi zote katikati ya mwaka. Kumbuka pia kwamba asubuhi za Juni na Julai za Dodoma ni baridi na misuli iliyokakamaa huzidi kukaza kwenye baridi, hivyo mchezo wa kwanza usiwe kabla ya saa tatu asubuhi.

Chakula, dawa na mazungumzo

Wachezaji wengi humeza kwa shida. Mpishi aelezwe mapema kwamba baadhi watahitaji uji mzito, wali uliopondwa, ndizi laini na mchuzi usio na mifupa. Mtu hulishwa akiwa amekaa wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kwa kijiko, na mlo mmoja huweza kuchukua dakika 45. Mapumziko ya mchana yakiwa ya nusu saa, utakuwa umeamua kwamba watu hao wacheze na njaa.

Kifafa huambatana na mtindio kwa watu wengi. Fomu ya usajili iulize dawa, dozi na saa za kumeza, na kila mlezi abebe dawa za siku mbili zaidi ya safari. Dawa za kifafa na za kulegeza misuli zisikatishwe ghafla kwa sababu basi lilichelewa. Anayepata degedege alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, muda uhesabiwe, na ikizidi dakika tano apelekwe hospitali bila kungoja kibali cha kiongozi wa msafara.

Waamuzi wafundishwe kumwuliza mchezaji mwenyewe, si msaidizi wake, kisha wangoje jibu. Kungoja huko ni sekunde kumi au ishirini, na kwa asiyezoea huonekana kama mwaka. Asiyesema atumie ubao wa picha na herufi, au macho kwa ndiyo na hapana, kwa utaratibu uliokubaliwa kabla ya mchezo. Watoto wawe na mlezi wa jinsia yao, asikae mtu mzima mmoja peke yake na mtoto chumbani, na picha zipigwe kwa ridhaa iliyoandikwa.

Fedha, na baada ya mashindano

Gharama kubwa itakuwa usafiri na malazi. Vifaa ni sehemu ndogo. Kwa hiyo omba vitu zaidi ya fedha: ukumbi wa chuo wakati wa likizo, basi la shule, magodoro, wanafunzi wa fiziotherapia watakaojitolea na ambao kwao hiyo ni shule tosha. Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mikopo ya vikundi vya uzalishaji, isiingizwe kwenye bajeti ya kombe. Medali ziwe za bei ndogo. Fedha inayookolewa hapo inunue utepe na mipira, ili kila mkoa urudi nyumbani na seti moja.

Kabla mikoa haijaondoka, jaza kwa kila mchezaji fomu ya ukurasa mmoja yenye daraja, hadhi ya uainishaji, matokeo yote, kipimo cha mfereji au kiti alichotumia, na mwezi wa kupitiwa tena. Nakala moja ibaki kwa chama, ya pili iende Kamati ya Paralimpiki, ya tatu kwa ofisa michezo wa mkoa. Ya nne apewe mchezaji mwenyewe au mzazi wake mkononi, ndani ya bahasha ya plastiki, kwa sababu ofisa huhamishwa na daftari hupotea, na mwakani karatasi itakayokutwa nzima mara nyingi ni ile iliyowekwa chini ya godoro nyumbani.